Siku Niliyosema "Ndiye" Shambani kwa Gul

Nimesikia mmenipa jina. Mnaniita Mzee Miguu, kwa kuwa kila mnaporudi na habari ya ndege mgeni, swali langu la kwanza ni miguu yake ilikuwa ya rangi gani. Sikukasirika. Nilipokuwa na umri wenu niliwapa wakubwa wangu majina mabaya zaidi ya hilo. Ila kwa kuwa mmechagua kuwatembeza watu kuangalia ndege hapa Malindi, kazi niliyoifanya mimi miaka mingi kule Dubai, nimeona niwaandikie nilivyojifunza kuuliza habari za miguu. Mniwie radhi kwa herufi kubwa na mistari inayopanda na kushuka.

Sikwenda Dubai kwa ajili ya ndege. Nilikwenda kuendesha gari, nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto na mvi mbili tatu, mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kumi. Nilipanga chumba Al Baraha na wenzangu wawili wa Mombasa. Ofisi iliyoniajiri ilikuwa Bur Dubai, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na meneja wetu tulimwita Sir, basi. Madereva wenzangu waligombania wageni wa kwenda madukani na wale wa kurukaruka na magari kwenye vilima vya mchanga. Wageni wa ndege hakuna aliyewataka. Walitaka kuondoka alfajiri mbichi, hawakujali kula, na mahali walipopapenda palinuka. Mimi nilikuwa mpya, nikaachiwa wao.

Wa kwanza walikuwa mume na mke, wakaomba niwapeleke kwenye mabwawa ya maji machafu ya jiji. Niliegesha gari kando nikampigia Sir simu, kumuuliza kwa adabu kama hawa watu ni wazima. Akacheka akasema niende. Saa nne asubuhi walikuwa wamesimama kwenye ule uvundo wamefurahi kama wako harusini, na mimi nimejifunga kitambaa puani, nikifikiria nitamwelezaje mke wangu kazi niliyopata.

Makosa yangu ya mwanzo ni mengi, na mengine nimewaona nanyi mkiyafanya. Niliwahi kushuka garini kumwonyesha mgeni ndege kwa kidole. Ndege wote waliokuwa pale, na walikuwa wengi, wakaruka kwa mpigo mmoja, na wageni sita wakageuka kunitazama. Sir alinieleza jioni kwamba ndege haogopi magurudumu, anaogopa miguu ya mtu. Gari ndilo pazia lenu. Zimeni injini, teremsheni vioo kabla hamjafika, na mlango ukifunguliwa usirudishwe kwa kishindo. Jua liwe mgongoni mwenu. Na redio, hata ikiwa taarabu ya chini kwa chini, izimwe. Hilo la taarabu liliniuma kidogo.

Lakini mwalimu wangu hasa hakuwa Sir. Alikuwa Gul.

Nje ya mji, ukishaacha majengo nyuma na mchanga umeanza kuvuka barabara, palikuwa na shamba la nyasi. Nyasi tupu, za bustani, zilizokatwa na udongo wake, zikakunjwa kama mikeka na kupakiwa kwenye malori. Shamba lilikuwa la duara, kwa sababu mtambo wa maji ulikuwa mkono mrefu wenye magurudumu uliozunguka polepole kutwa nzima. Gul, Mpathani wa Peshawar, Pakistan, mwenye ndevu za hina, ndiye aliyesimamia ule mkono na kushika ufunguo wa lango. Mara ya kwanza alinikatalia kuingia. Alidhani wageni wangu wanataka kuwinda.

Nilimpa darubini yangu badala ya maneno. Pale kwenye mpira wa maji kulikuwa na kindege kimesimama wima, ambacho Gul alikuwa akikiona kila mwaka tangu aanze kazi, miaka kumi na mbili, bila kioo. Aliweka darubini machoni. Hakunirudishia kwa nusu saa. Tangu siku hiyo lango lilikuwa wazi kwangu.

Gul hakujua jina la ndege hata mmoja. Aliwajua kwa tabia. Huyu ni anayesimama, huyu anayetikisa mkia, yule anayelala mchana katikati ya nyasi ukadhani ni tonge la udongo. Alinifundisha kwamba ndege hawatui tu popote. Wanatafuta pale palipokatwa juzi na kumwagiliwa leo asubuhi, maana nyasi ni fupi na wadudu wametoka. Alinifundisha pia upepo. Mwezi wa tatu ndege wanatoka huku kwetu Afrika wanakwenda kaskazini, na upepo wa shamal unawapiga usoni. Siku tulivu wanapita juu kwa juu usiwaone. Shamal ikivuma siku mbili, mashamba yote yanajaa, kwa sababu wamechoka na wameshuka. Mgeni akilalamika kwamba leo kuna vumbi, mimi nilikuwa nacheka moyoni.

Niwaambie ukweli, ninaikumbuka sana ile miezi ya tatu. Harufu ya nyasi zilizolowa katikati ya jangwa. Sauti ya maji yakipiga tik tik tik. Hudihudi walikuja mwanzo, wakitembea kama wenye shamba. Kisha wale wadogo wa njano wanaotikisa mikia, mamia, wakikimbizana chini ya mkono wa maji, na mimi najua kwamba wiki chache tu nyuma walikuwa wakitembea baina ya ng'ombe wa watu wetu. Nilikuwa sijarudi nyumbani miaka miwili. Nilikaa garini nikawatazama nikalia kidogo, na wageni wakadhani ni vumbi.

Sasa niwaambie habari za Bi Salma.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, wa ukoo wa Kizanzibari uliohamia huko zamani, yeye akiwa msichana. Alikuwa mjane, akiishi peke yake kwenye nyumba ya ghorofa Bur Dubai. Alipiga simu ofisini kuomba dereva, nikapewa simu, akaniuliza jina, na aliposikia ninavyosema Kiswahili akaanza kunisahihisha hapo hapo. Tangu mwaka huo, kila mwezi wa tatu, Ijumaa zote zilikuwa zake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaingia kiti cha mbele na chupa ya chai ya maziwa na mkate wa ufuta umefungwa kwenye kitambaa. Gul alipewa fungu lake kila mara. Alikuwa akituambia sisi wawili kwamba bila yeye tungekufa na biskuti.

Bi Salma alikuwa na daftari. Alilipiga mistari kwa rula, safu tano: siku, mahali, upepo, ndege, na ya mwisho, aliyeona. Kwenye safu hiyo ya mwisho, ukurasa baada ya ukurasa, kulikuwa na neno moja tu: mimi. Niliwahi kumuuliza kwa nini anaandika safu ambayo jibu lake ni lile lile siku zote. Akasema hesabu isiyoonyesha njia haimpi mtu alama. Asichokiona mwenyewe, vizuri, hakuingia daftarini, hata kama gari zima limekiona. Kuna ndege nilimwonyesha mara tatu asimwandike, kwa sababu kila mara alimwona mgongo tu.

Na alikuwa na mmoja anayemtaka. Nyie mnajua vitwitwi wetu wa ufukweni wanaokimbia na kusimama, kukimbia na kusimama. Huyu ni jamaa yao, ila maji hayapendi, anapenda nyasi fupi na tambarare pana. Vitabu vimempa jina la bahari ya Kaspi. Miezi ya baridi anakaa kwenye mbuga zetu, na mwezi wa tatu anapita Arabuni haraka haraka kwenda kuzaa kwenye nyika za mbali huko kaskazini. Dume wake wakati huo amevaa: uso mweupe, kifua cha rangi ya kutu, chini yake mstari mweusi kama aliochorwa kwa kalamu. Bi Salma alimtafuta misimu minne. Mara zote tulitangulia siku moja, au yeye alipita jana.

Msimu wa tano aliniambia ndio wa mwisho. Binti yake aliye Kanada amemwombea makaratasi, mwisho wa mwezi wa tatu anaondoka. "Huko hapiti huyu," akasema, na akatazama nje dirishani mpaka tukafika.

Mwaka huo nilimwona amebadilika, lakini sikufikiria sana. Alikuwa akifuta kioo cha darubini kwa ncha ya mtandio kila dakika, akaniambia nimekikwaruza. Alikuwa akiniuliza, pale kuna nini, pale je, maswali ambayo zamani nilimuuliza mimi.

Ijumaa ya pili ya mwezi kulikuwa na joto la mapema, na hewa juu ya nyasi inatetemeka. Mbali sana, karibu na mwisho wa duara, alisimama ndege mmoja wa kahawia. Niliisimamisha ile darubini kubwa ya miguu mitatu nyuma ya gari nikamtazama. Bi Salma akainama akatazama na yeye, muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Bakari, ndiye?"

Nilitazama tena. Ndege akageuka, na mgongoni mwake nikaona madoa ya dhahabu. Yule jamaa yake tunayemwita wa dhahabu, mwenye miguu ya kijivu, yuko kila mahali kule, na anayemtafuta Bi Salma hana doa hata moja. Nilijua. Lakini nilimtazama yule mama ameinama pale, mkono umeshika ukingo wa dirisha la gari, amebakiwa na Ijumaa mbili duniani za kumpata ndege wake, na nikataka kuwa mimi niliyempa.

"Ndiye," nikasema.

"Miguu je?"

"Imefunikwa na nyasi, bibi."

Aliandika kwa kalamu ya wino. Alinishika mkono akaniombea dua ndefu, mimi na watoto wangu. Tukakata mkate. Gul alikuwa amesimama kando ya gari na darubini yangu mkononi, kwa sababu tangu siku ile ya kwanza hakuna aliyeweza kumnyima. Alingoja mpaka Bi Salma alipoingia garini. Hapo akanisogelea akaniambia kwa Kiarabu chetu kile cha kazini, "Mub huwa." Siye yeye. Nikamwambia khalas, basi, mama amefurahi. Akanirudishia darubini bila kunitazama, akaenda kwenye mtambo wake.

Wiki hiyo sikula vizuri. Bi Salma alinipigia simu mara mbili kunishukuru, na mara ya pili akanisomea ule mstari kutoka daftarini. Nilikuwa naendesha, nikakosa njia ninayoijua kwa macho yaliyofumbwa. Mnaweza kusema ni ndege tu. Mimi pia nilijiambia hivyo. Lakini kazi hii haina kitu kingine ndani yake. Mtu anakulipa kwa sababu unaona, na anakuamini useme ulichoona. Nilikuwa nimechukua daftari ambalo halikuwa na uongo hata mmoja, nikautia.

Kisha shamal ikaja, siku mbili, mpaka minara haikuonekana. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, lakini Bi Salma alikuwa hakuniita, maana haja yake ilikwisha. Jua limetoka tu, Gul akapiga simu. Yalla, njoo, akasema, na akakata.

Walikuwa kumi na moja. Walisimama kwenye nyasi fupi, karibu na njia ya gari kiasi kwamba darubini haikuhitajika, wote wameelekeza vifua kwenye upepo. Madume wanne walikuwa wamekwisha kuvaa rangi zao. Nilikaa nikawatazama, na furaha ilinijia kwanza, sikatai. Halafu ikaja hofu. Nikimwita, lazima nimwambie, kwa sababu akisikia wa leo walivyo atajua yule hakuwa yeye. Anaweza kumpigia Sir, na Sir hangekuwa na haja ya dereva muongo. Nisipomwita, ataondoka na furaha yake, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi na Gul.

Gul alikuja na bilauri mbili za chai. Akasema saa mbili trekta la kukata linaanza kwenye kipande kile kile, amri ya arbab, mwenye shamba. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanionyesha ufunguo wa trekta, akaurudisha. Leo, akasema, huu ufunguo umepotea. Utaonekana baadaye.

Nikapiga simu. Sikuanza na salamu.

"Bi Salma, yule wa wiki iliyopita hakuwa yeye. Nilikudanganya."

Nikasikia redio yake ya jikoni.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

Nikamwambia wapo sasa, kumi na moja, na kwamba naja kumchukua. "Usije," akasema. "Kaa hapo hapo, usiwaondolee macho. Mimi nakuja kwa teksi."

Dakika arobaini. Dereva wa trekta alikuja mara tatu kuulizia ufunguo, na Gul akatafuta naye, chini ya pipa, nyuma ya pampu, kwa bidii sana. Bi Salma alishuka kwenye teksi bila chupa ya chai na bila mkate, daftari limo kwapani. Nilimwamkia. Aliitikia, lakini hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye darubini kubwa niliyoisimamisha nyuma ya gari.

Aliinama. Akafuta kioo. Akainama tena. Nilikuwa nasikia pumzi zake. Kisha akanyooka, na nikaona uso wa mtu mzima anayejizuia asilie.

"Siwaoni," akasema. "Naona ukungu na madoa. Si kioo chako, Bakari. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sikutaka kumwambia mtu. Nitapasuliwa huko niendako."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Ijumaa ile hakuniuliza kwa sababu alikuwa na wasiwasi. Aliniuliza kwa sababu hakuwa na macho mengine zaidi ya yangu.

Nilitaka kuomba radhi, akanikatiza kwa mkono. "Usiniambie jina la ndege. Niambie unachokiona. Anza na miguu."

Nikamweleza. Mirefu, rangi ya manjano iliyochafuka. Akauliza tumbo. Jeupe. Mgongo una madoa? Hauna hata moja. Anakwenda vipi? Anakimbia hatua chache, anasimama wima, anatazama, ndipo anainama. Kifua? Rangi ya kutu, na chini yake ule mstari mweusi. Alipomaliza na mimi aliniamuru nikakae ndani ya gari na nifunge kioo. Akamwita Gul. Nikawatazama kupitia kioo, yeye anauliza kwa Kiarabu, Gul anajibu kwa mikono, akijipitishia kidole kifuani kuchora mstari. Alituhoji kama watoto waliokamatwa kwenye mtihani na majibu yanayofanana. Sikuona kwamba nilistahili heshima zaidi ya hiyo.

Kisha akagonga kioo. Akalifungua daftari kwenye ukurasa wa wiki iliyopita, akanipa kalamu. "Futa la kwako." Nikapiga mstari juu ya yale maandishi, na mstari ukapinda. Akachukua kalamu, uso umekaribia kugusa karatasi, akaandika upya: siku, shamba la Gul, shamal, jina la ndege. Kwenye safu ya mwisho alisimama kidogo. Halafu akaandika: Bakari, na Gul.

"Huyu simhesabu kwangu," akasema. "Lakini alipita, na kuna waliomwona."

Tukanywa chai ya Gul. Ufunguo ukaonekana, ndani ya kofia yake mwenyewe, akapewa maneno makali na msimamizi wa shamba, akayapokea huku anatabasamu. Ndege waliruka trekta lilipowashwa, wakazunguka mara moja, wakaelekea kaskazini. Bi Salma aliuliza wamekwenda upande gani, nikamwelekeza uso kwa kumshika mabega. Mwisho wa mwezi nilimpeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Kwa Sir hakupiga simu kamwe.

Nilifanya kazi ile miaka mingine mingi, na nimewaambia wageni "sijui" mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wengine walinuna. Wengi walirudi.

Sasa jambo la mwisho, ambalo sikuwaambia. Mnadhani siku hizi natangulia kukaa chini ya kibanda nikiwaacha mwende kwa sababu magoti yananisumbua. Si magoti. Ni presha ya macho. Daktari amesema kilichokwisha kwenda hakirudi, na changu hakipasuliwi. Juzi mliporudi mnakimbia kutoka kwenye uwanja wa nyasi, mkaniwekea darubini mbele na kunong'ona "Mzee, ni yeye, tazama," niliinama nikatazama muda mrefu, na sikuona kitu.

Kwa hiyo mwezi wa tatu ukifika mkamwona yule wa Bi Salma, njooni. Msiniambie jina. Nitakuwa nimekaa pale pale, na daftari langu limepigwa mistari, safu ya mwisho iko wazi. Anzeni na miguu.